Kipimo cha Freeza: Dhidi ya Uhakiki Unaopima Nguvu za Majagina

Miaka michache iliyopita, katika kikao cha kupitia mapendekezo ya utafiti wa uzamili, mwanafunzi mmoja alituletea pendekezo la kulinganisha viwango vya nguvu vya majagina wa vibonzo vya Kijapani na vya Kimarekani. Alinuia kumpima Goku wa Dragon Ball dhidi ya Superman, kisha awapange wengine chini yao, ngazi kwa ngazi, kwa ushahidi wa matini. Kikao kilimkataa kwa dakika zisizozidi kumi. Sababu iliyoandikwa ni kwamba mada haikuwa na uzito wa kitaaluma. Sababu isiyoandikwa ni kwamba hapakuwa na hata mmoja wetu aliyewahi kusoma kazi yoyote kati ya alizozitaja. Nami nilikuwa miongoni mwa walioinua mkono kumkataa. Baada ya mwezi mmoja alirudi na pendekezo juu ya usawiri wa mwanamke katika riwaya mbili, likapita bila swali.

Makala haya yanarejea kwenye kikao hicho. Tunadai kwamba mwanafunzi yule alikataliwa kwa sababu mbovu, na kwamba palikuwapo sababu njema ya kumrudisha akaliandike upya pendekezo lake, ila sisi hatukuweza kuiona maana hatukuwa tumesoma. Sababu mbovu ni dharau kwa vibonzo. Sababu njema imo ndani ya vibonzo vyenyewe: hadithi aliyotaka kuitia mizanini ndiyo hiyo hiyo inayoivunja mizani mbele ya macho ya msomaji. Kwa hiyo tutagombana na pande mbili, yaani wenzetu wanaodhani kwamba swali la nani angemshinda nani ni la watoto, na wapimaji wanaodhani kwamba swali hilo hujibiwa kwa tarakimu.

Ni haki tuanze kwa kuwapa wapimaji stahili yao. Yeyote aliyewahi kuwasikiliza wanafunzi wakibishana juu ya Goku na Superman atakiri kwamba wanazijua matini zao. Hakuna anayeruhusiwa kudai jambo bila kutaja juzuu, sura na kisanduku cha picha. Anayeleta ushahidi kutoka katika filamu huulizwa papo hapo iwapo filamu hiyo inakubalika kuwa sehemu ya hadithi asilia. Anayetegemea tafsiri huulizwa Kijapani kinasemaje. Nimewahi kusimamia tasnifu ambazo hazikufikia nusu ya nidhamu hiyo. Isitoshe, kuwashindanisha mashujaa hakukuzaliwa Tokyo wala New York. Jigambo ni nini, kama si madai ya kiwango cha nguvu yanayotolewa hadharani na kumsubiri mpinzani?

Tatizo linaanza pale ushahidi unapogeuzwa kuwa hesabu. Jagina akipasua mlima, mpimaji hukadiria ujazo wa mwamba, akatafuta nishati inayohitajika kuuvunja, akaitaja kwa tani za baruti. Jagina akikwepa mwale, mpimaji hutangaza kwamba anakwenda kasi kuliko mwanga. Tarakimu inayopatikana hubandikwa kwa mhusika kama nambari ya usajili kwenye gari, na tangu hapo hutembea nayo kila aendako, hata katika hadithi ambazo hazijaandikwa.

Tuchukue mfano wa mwezi. Katika sehemu za awali za Dragon Ball, kwenye mashindano ya kupigana, mzee Muten Roshi anaulipua mwezi kwa mwale unaotoka viganjani mwake. Baadaye sana, kifaa cha kupimia nguvu kinampa mzee huyo huyo 139. Mpimaji hushangilia: kumbe 139 zatosha kuvunja mwezi! Kutoka hapo ni kuzidisha tu, mpaka wahusika wa mwisho wanahesabiwa kwamba wanaweza kuufuta ulimwengu mara kadhaa kabla ya staftahi. Lakini msomaji aliyekulia pwani atauliza swali jingine: maji je? Mwezi umetoweka na bahari haikushtuka. Hakuna bamvua wala maji mafu, wala mvuvi aliyepigwa na butwaa kwa kuona maji hayapwi kama jana. Hakuna anayelalamika kwa sababu ule si mwezi wa wanafalaki. Ni mwezi wa msuko. Goku mtoto hugeuka nyani mkubwa aangaliapo mwezi mpevu, amekwisha kugeuka, na njia iliyobaki ya kumrudisha ni kuuondoa mwezi. Roshi hatuoneshi uzito wa nguvu zake. Anaziba tundu katika hadithi. Hadithi inapouhitaji tena mwezi, mwezi upo, na Piccolo anaulipua mara ya pili kwa sababu ile ile, safari hii mwana wa Goku akiwa ndiye aliyegeuka.

Mwaka 1933 L. C. Knights aliufanyia mzaha uhakiki wa wakati wake kwa kuuliza Lady Macbeth alikuwa na watoto wangapi. Ingekuwa rahisi kumwita Knights shahidi na kuifunga kesi: wahusika si watu, basi hawana misuli ya kupimwa. Jibu hilo halitoshi hapa. Shakespeare hakutupa idadi ya watoto, ilhali Akira Toriyama alitupa tarakimu. Zimo katika matini, nyeusi kwa nyeupe, na mpimaji ana haki ya kutuambia kwamba hakuzibuni yeye. Swali la kihakiki, kwa hiyo, si iwapo tarakimu zipo. Ni nani anayezitamka ndani ya hadithi, na anazitamkia nini?

Dragon Ball ilianza kuchapishwa katika jarida la Weekly Shonen Jump mwaka 1984. Kwa karibu sura 200 haikuwa na kipimo cha aina hii. Watu walijuana kwa kupigana. Kipimo kinaingia pamoja na mvamizi. Raditz anashuka duniani akiwa amevaa jichoni kifaa kiitwacho skauta, na mtu wa kwanza anayempima ni mkulima mwenye bunduki. Skauta inasoma 5. Raditz anamwona mtu huyo kuwa takataka, anaidaka risasi yake, anamrudishia, na mkulima anakufa. Huo ndio ubatizo wa tarakimu katika kazi hii. Haikuja kumweleza msomaji nani ni hodari. Ilikuja kuhalalisha mauaji ya mtu shambani mwake.

Baadaye tunaambiwa skauta zinatoka wapi. Jeshi la Freeza huziteka sayari, huwaangamiza wenyeji na kuziuza kwa wateja. Skauta ni chombo cha dalali: hupima wenyeji ili ijulikane waangamizi wa kiwango gani wanatosha kutumwa, bila kupoteza gharama. Goku mwenyewe alitumwa duniani akiwa mtoto mchanga kwa kuwa yeye alipimwa akaonekana dhaifu, na dunia nayo ikaonekana dhaifu kiasi cha kumtosha. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana jinsi orodha na kipimo vinavyoweza kutangulia bunduki, ila sitaki kuikokota hoja hiyo mbali na matini, matini inajitosheleza.

Maana matini, baada ya kukileta kifaa, inaanza kukidhihaki. Raditz anampima Goku na kupata 334, Goku anavua mavazi aliyoyatia uzito kwa ajili ya mazoezi, inakuwa 416. Anapoandaa mwale wake, skauta inapanda hadi 924, na Raditz anahamaki kwa kuwa alikotoka nguvu ya mtu ni nambari moja kama kimo chake. Kisha inatokea kwamba mtoto anayelia ndani ya chombo cha angani ana 710. Raditz anaamini kifaa kimeharibika. Mtoto huyo, Gohan, anapomwona babake akikanyagwa, anakivunja chombo na kumpiga Raditz kwa kichwa akiwa na 1,307. Ni wapi katika nadharia ya wapimaji panapowekwa uchungu wa mtoto wa miaka minne? Tarakimu imeuandama uchungu, haikuutangulia. Kilichokosewa na Raditz si usomaji wa kifaa, kwani kifaa kilisoma sawasawa. Alikosea kudhani kwamba kinasoma mtu.

Tangu hapo mchezo unaendelea kwa njia nyingi. Wapiganaji wa dunia hujifunza kuzificha nguvu zao na kuzitoa pale tu wanapopiga, hata skauta ikawadanganya wenye skauta. Katika sayari ya Namek, mzee wa kijiji anapoona wavamizi wanavitegemea vifaa vyao kutafuta vijiji vingine, anavilenga vifaa kabla ya watu. Amekufa muda mfupi baadaye, lakini Freeza amebaki kipofu na inambidi aagize vifaa vipya. Vegeta, aliyefika duniani akiwa mtumwa wa kifaa hicho, anajifunza kuhisi nguvu za wengine bila kukivaa, na ni katika kujifunza huko ndipo anapoanza kuwa mhusika tunayeweza kumtazama kama kiumbe chenye utashi. Freeza anajitangazia mwenyewe 530,000, kama mfanyabiashara anayetaja mtaji wake kabla ya kuketi. Anaposhindwa, tarakimu zinaondoka katika hadithi karibu kabisa. Anayerudi na kipimo kingine baadaye ni mchawi Babidi, ambaye naye anapima nguvu za watu kwa sababu anataka kuzikamua.

Nitapingwa kwamba Bulma, aliye upande wa wema, aliikarabati skauta ya Raditz na kuwapima nayo marafiki zake, na kwamba ile 139 ya mzee Roshi ilitoka kwake. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba nambari zile hazikumwokoa yeyote vita vilipofika, na kwamba Bulma ni fundi mwenye kiu ya kujua kila mashine inavyofanya kazi. Simnyimi mtu udadisi. Ninachokataa ni mhakiki kukivaa kifaa cha Freeza jichoni, akaitazama hadithi nzima kwa kioo hicho, kisha akadai kwamba anaitetea heshima ya Goku.

Tena anafanya hivyo kwa uso uliokunjamana, katika hadithi ambayo mtunzi wake anacheka tangu kwenye majina! Jina la kabila la Wasaiya ni neno la Kijapani la mboga, yasai, lililopinduliwa silabi zake. Raditz ni figili. Kakarot, jina la Goku la kuzaliwa, ni karoti. Bwana wao Freeza ni friji, na miongoni mwa wasaidizi wake, Dodoria ametokana na jina la tunda la duriani na Zarbon na la balungi. Mboga na matunda chini ya himaya ya jokofu! Mtu anaweza kuandika tasnifu nzuri juu ya kejeli hiyo. Hawezi kuiandika akiwa ameshughulika kuhesabu tani za baruti.

Kuna ushahidi mwingine ambao wapimaji wanaujua kuliko mimi, na ambao wameugeuza mzaha bila kuona unavyowahukumu. Vegeta anapompima Goku aliyerejea kutoka mazoezini, katika Kijapani anatangaza kwamba nguvu zimepita 8,000. Katika tafsiri ya Kiingereza ya katuni ya televisheni ya miaka ya 1990, zikawa zimepita 9,000. Elfu moja nzima iliingia kwa kalamu ya mtafsiri. Nini kilichobadilika? Goku hakupiga kwa nguvu zaidi, Nappa hakuumia zaidi, wala Vegeta hakuogopa zaidi. Kila anayefundisha tafsiri anajua kwamba ukibadilisha neno lenye kazi, jengo hutikisika. Tarakimu hii ilibadilishwa na jengo likasimama vile vile, maana kazi yake haikuwa kuhesabu. Kazi yake ilikuwa kumfanya Vegeta apige kelele.

Zile tarakimu kubwa kabisa wanazozitegemea wapimaji, Freeza 120,000,000 na Goku 150,000,000, hazimo katika hadithi hata kidogo. Zilitolewa katika kitabu cha mwongozo mwaka 1996, baada ya hadithi kumalizika mwaka 1995 katika sura ya 519. Kutoka 5 ya mkulima hadi milioni 150! Sisi tuliokuwa watoto Kenya mwaka 1993, wazazi wakirudi kutoka dukani na kikapu chepesi na maneno mazito, tunaujua mwendo huo. Ni mfumuko. Na kama mfumuko wowote, una sababu zake za kiuchumi: hadithi ilichapishwa kila wiki, katika jarida linalowataka wasomaji wapige kura juu ya hadithi wanazozipenda, na adui wa mwezi ujao hana budi kumzidi wa mwezi huu. Hapo pana swali halisi la utafiti, la uhusiano kati ya uchapishaji wa mfululizo na umbo la ujagina. Mwanafunzi wetu alilikaribia mno bila kulijua, nasi tukamfungia mlango.

Upande wa Marekani hali ni tofauti, na mpimaji anateleza kwa namna nyingine. Superman wa Jerry Siegel na Joe Shuster, alipotokea katika Action Comics mwaka 1938, hakuweza kuruka. Kitenzi chetu kinaificha tofauti hiyo, kwa hiyo niseme hivi: alichupa, hakupaa. Alichupa umbali wa thumni ya maili, na ngozi yake haikupenywa na kitu kilicho chini ya kombora linalopasuka. Kupaa kulikuja baadaye. Nguvu zikaendelea kuongezwa na mikono mingi kwa miongo kadhaa hadi John Byrne alipopewa kazi ya kumsimulia upya mwaka 1986, akazipunguza. Mpimaji hukusanya tendo kubwa kabisa kutoka kila muongo, akaliweka juu ya jingine, akapata Superman ambaye hakuna mtunzi aliyemwandika wala msomaji aliyemsoma. Mwanafunzi wa fasihi simulizi akituletea ngano iliyounganishwa hivyo kutoka kwa wasimulizi ishirini, akaiita ngano moja, tungemrudisha nyanjani.

Tazama pia yanayotokea majagina wanapokutanishwa kweli. Mwaka 1978 Dennis O'Neil na Neal Adams walimpambanisha Superman na Muhammad Ali. Pambano lilifanyika chini ya jua jekundu, ambalo humwondolea Superman nguvu zake, na Ali akamshinda. Mpimaji husema pambano hilo halihesabiki kwa kuwa Superman hakuwa na nguvu. Lakini hilo ndilo pambano! Mtunzi ameondoa kila kitu kinachopimika ili abakishe kisichopimika: mtu anayepigwa kupita kiasi na anakataa kuanguka. Ukiiondoa sehemu hiyo kwa sababu haihesabiki, umeiondoa hadithi.

Mwaka 1996 kampuni mbili kubwa za vibonzo vya Marekani, DC na Marvel, ziliwakutanisha majagina wao katika toleo la pamoja, na baadhi ya mapambano yaliamuliwa kwa kura za wasomaji. Katika mojawapo Wonder Woman, mwenye nguvu alizojaliwa na miungu, alishindwa na Storm. Storm anatuhusu kidogo. Ororo Munroe, kama anavyoitwa kwa jina lake, alibuniwa na Len Wein na Dave Cockrum mwaka 1975. Mama yake ni binti wa kifalme kutoka Kenya, na tunapokutana naye mara ya kwanza yuko Kenya, akiabudiwa kwa uwezo wake wa kuleta mvua. Wapimaji hadi leo wanayalalamikia matokeo yale. Wanasema kura zilipima mapenzi, si nguvu. Wamesema kweli, ila hawajajiuliza ni mapenzi ya nini. Kwa miaka ishirini wasomaji walikuwa wamemsoma mwanamke mwenye radi mikononi ambaye hutetemeka akifungiwa mahali finyu, kwa kuwa utotoni huko Cairo alifukiwa na kifusi pamoja na mama yake aliyekwisha kufa. Walimpigia kura mhusika. (Kuhusu ile Kenya yenyewe waliyoichora Wamarekani wale, nina maneno mengi yasiyo mazuri, lakini ni ya makala mengine.)

Hapa wenzetu wenye dharau huingilia kati kwa jibu ambalo aghalabu huhusishwa na Stan Lee, kwamba mshindi ni yule ambaye mwandishi anataka ashinde. Ni jibu la kuvunja baraza. Linadhani mwandishi anataka vyovyote apendavyo, ilhali yeye amebanwa na mengi aliyokwisha kuyaahidi. Katika filamu ya mwaka 2015 ambayo Toriyama mwenyewe aliiandikia hadithi, Goku, akiwa katika kiwango cha juu kuliko vyote alivyowahi kufikia, anaangushwa kwa mwale wa silaha ndogo iliyo mkononi mwa Sorbet, kamanda asiye na nguvu za kutajwa. Wapimaji walikasirika. Lakini mapema katika filamu hiyo mwalimu wake, Whis, amekwisha kumwonya kwamba kosa lake ni kujiachia mno. Mtunzi hakumwangusha Goku kwa kuwa alitaka tu. Aliidai deni aliyoiweka mwenyewe. Huko ndiko kushinda na kushindwa kunakoweza kuhakikiwa: katika masharti yaliyowekwa, yakatimizwa au yakavunjwa.

Wapo watunzi walioielewa hoja hii wakaijengea kazi nzima. Katika Hunter × Hunter ya Yoshihiro Togashi, iliyoanza mwaka 1998, Kurapika anajiwekea nadhiri kwamba mnyororo wake mmoja utatumika dhidi ya kundi lililoiangamiza jamii yake tu, na akiutumia kwa mwingine atakufa. Nguvu yake ni kubwa kwa kadiri ya sharti lake. Mwulize mpimaji iwapo Kurapika angemshinda Goku, na swali lenyewe linaanguka, kwa kuwa Goku hakuwaua ndugu zake. Naye Saitama wa One-Punch Man, anayemmaliza kila adui kwa ngumi moja, anafanya mtihani wa Chama cha Mashujaa, anapata alama 71 kwa sababu karatasi ya maandishi ilimshinda, na anapangwa daraja la C, nafasi ya 388. Nilipoisoma sehemu hiyo nilivikumbuka vikao vyetu vya watahini, na sikucheka kwa muda mrefu kama nilivyotaka.

Nije sasa nyumbani, kwa kuwa huko ndiko nilikosomea kupima. Katika utendi wa Fumo Liyongo ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, jagina hauawi na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ikimwingia kitovuni, na anayeifanya kazi hiyo ni mwanawe. Nimewahi kumsikia msomi akiuliza darasani kama Liyongo angemweza Samsoni wa Biblia, na darasa zima likagawanyika. Hakuna aliyeuliza kwa nini udhaifu umewekwa kitovuni, mahali mtu alipoungana na mamake, wala kwa nini siri imo mikononi mwa mwana. Halafu tazama kifo chenyewe. Liyongo anafia karibu na kisima akiwa amepiga goti, mshale umepachikwa kwenye upinde. Watu wa mji wanamwona kwa mbali na hawathubutu kwenda kuteka maji. Mamake anaendewa ambembeleze. Leta skauta pale kisimani: itasoma sifuri, kwani mtu amekwisha kufa. Na bado ndoo ni tupu mji mzima. Nguvu ya Liyongo wakati huo haimo katika misuli yake. Imo katika macho ya wanaomtazama na katika kumbukumbu ya waliyomtendea. Mhakiki asiyeweza kuisoma sifuri hiyo hana analoweza kutuambia kuhusu 150,000,000.

Naye asiidharau hesabu ya wanafunzi wa vibonzo, kabla hajaitazama yetu. Ni tasnifu ngapi tumezipitisha ambazo sura yake kuu ni jedwali? Methali zilizotumika katika riwaya, kwa idadi; tashbihi, kwa idadi; sitiari, kwa idadi; kisha aya moja inayosema kwamba mwandishi amefaulu kwa kuwa tamathali ni nyingi. Tumewafunza wanafunzi wetu kuivaa skauta tangu mwaka wa kwanza, na mmoja wao alipotuletea hadithi ambamo skauta inavunjwa, tukamwambia mada yake haina uzito. Ukiniuliza, yeye alikuwa mwanafunzi wetu mtiifu kuliko wote: aliifanyia Dragon Ball kile kile tulichomfunza kuifanyia riwaya ya Kiswahili.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili katika kikao kijacho cha idara. Kwanza, kumbukumbu za kikao kile zisomwe upya, na sababu iliyoandikwa ifutwe. Pili, pendekezo likubaliwe likiwa na swali jipya: ni nani anayepima katika hadithi hizi, anampima nani, na kipimo kinavunjikaje? Msimamizi atakayeteuliwa atalazimika kuzisoma juzuu 42 za Dragon Ball kabla ya mwanafunzi kuketi mbele yake. Mimi nimekwisha kuzimaliza, na niko tayari. Mwanafunzi mwenyewe, nasikia, alikamilisha tasnifu yake juu ya riwaya zile mbili na sasa anafundisha shule ya upili. Nimempelekea barua mwezi uliopita. Bado sijapata jibu.